Buji ya Tatu

Kwenye kaye ya sakristia niliandika:
buji nne za Majilio, tatu zambarau, moja waridi.
Ya waridi haikupatikana.
Niliulizia soko zima la Kadutu hadi Nyawera,
wachuuzi wakanitazama kama mtu aliyeomba kilo ya moshi.

Ndipo Mama Nankafu wa shirika la Cimpunda
akayeyusha buji nyeupe katika kopo la nyanya,
akakwangulia humo rangi yake ya midomo,
ile aliyoibakiza tangu harusi ya bintiye,
akakoroga kwa ubavu wa mwavuli uliovunjika.
Ikatoka si waridi, si nyekundu:
rangi ya kisigino cha mtoto
aliyetoka matopeni akaoshwa kwa nguvu.
"Itafaa," alisema paroko. "Mungu si fundi rangi."

Dominika ya pili Bashizi alisoma
habari za mabonde kufukiwa, milima kushushwa.
Alisoma vizuri. Hakuna aliyeinua uso.
Huku kwetu mlima hushuka bila nabii.
Mwaka juzi ulishuka usiku,
ukafukia bonde kweli, na nyumba saba, na waliolala.
Mzee Kajangu hukaa benchi la nne,
kando yake nafasi mbili wazi,
na mgeni akitaka kuketi pale
huambiwa kwa upole: pana watu.
Padri akakohoa, akafunga kitabu.
Mvua juu ya mabati ikamalizia mahubiri.

Jumanne, saa tano usiku, umeme haupo,
(ungekuwepo ningeandika hapa kama muujiza)
mlango wa sakristia ukagongwa.
Nsimire, mkunga wa zahanati ya chini,
kitambaa cha kichwa kinachuruzika:
simu zimekufa zote,
taa ya jua haijaona jua siku tatu,
na yule mama mkimbizi kutoka Nyabibwe
ameanza kusukuma gizani.
"Nipe chochote kinachowaka."

Nilinyoosha mkono kwenye sanduku.
Watu watasema mkono haujui liturujia.
Uongo. Kidole kiliisoma ile mikunjo ya kopo,
nilijua ni ipi.
Zile mbili za mwanzo zilikuwa zimebaki vikonyo,
ya nne ni ya kumngoja Bwana mlangoni kabisa.
Nikatoa ya furaha.

Ngazi zetu ni za udongo, mvua ilikuwa inazihamisha.
Nsimire mbele, viatu mkononi,
mimi nyuma, buji kifuani chini ya koti
kama mwizi wa mkate.
Wakaniacha nje, chini ya ukingo wa bati.
Sikusali. Nilipiga hesabu:
buji ya namna ile huisha kwa saa nne,
na dirishani rangi ya midomo ya Mama Nankafu
ilikuwa ikitetemeka ukutani,
ikitulia, ikitetemeka tena.

Kisha sauti. Nyembamba, yenye hasira,
ya mtu aliyeamshwa nyumba isiyo yake.

Dominika ya tatu, Furahini,
paroko akawasha ile buji, imebaki urefu wa kidole gumba.
Watoto wa mbele wakacheka.
Mama Nankafu akanigeukia, macho makali,
nami nikachunguza dari.
Katikati ya wimbo wa kutoa sadaka
mlango ukafunguka: kikwembe cha kuazima,
kifurushi kifuani, ndala mbili zisizofanana.
Alitembea akitafuta pa kukaa.
Kanisa lilijaa hadi kwenye ngoma.
Nilimwona akifika benchi la nne.
Niliinuka kumwahi.
Kajangu alikuwa ameshasogeza kofia yake.

Jumatatu, kwenye kaye:
Buji ya tatu, imewaka kabla ya siku yake.
Buji ya nne, ipo, kavu.
Mvua, bado.